Kabla Hujajenga Naliendele, Sikiliza Mtaa Unavyogombana

Mtu akipata barua ya uhamisho wa kuja Mtwara, au akisikia kuna viwanja vinapimwa pembezoni mwa mji, maswali huanza siku hiyo hiyo. Maji yapo? Umeme unakatika sana? Shule ya mtoto iko wapi? Kisha sauti inashuka kidogo na swali lenyewe linatoka: watu wa huko wakoje? Wana siasa kali? Mgeni anapokelewa? Nikiwa wa dini nyingine nitakaa? Sina kadi ya chama chochote, wataniacha niishi kwa amani?

Ni maswali ya haki. Anayejenga nyumba anamwaga akiba ya miaka mingi mahali pamoja, na majirani atakaowakuta hatawachagua yeye. Kinachonisumbua ni jinsi tunavyoyajibu. Wengine wanafungua matokeo ya uchaguzi, wengine wanahesabu bendera zilizochomekwa barabarani, na wengine wanakusanya habari za Kusini kutoka kwa watu ambao hawajawahi hata kulivuka Daraja la Mkapa pale Rufiji. Njia zote hizo zinakupa jibu la haraka lisilo na msaada. Mtaa utakaokufaa utaujua kwa namna unavyogombana: ugomvi unapelekwa wapi, nani anaruhusiwa kusema, na aliyeshindwa anaishije kesho yake.

Nianze na hayo matokeo, maana ndiyo watu wanayoyaamini kuliko yote. Jimbo la Mtwara Mjini lilikuwa na mbunge wa CCM baada ya uchaguzi wa 2010. Mwaka 2015 likamchagua Maftaha Nachuma wa CUF. Mwaka 2020 likarudi CCM. Aliyehamia 2016 aliambiwa anakwenda kwenye ngome ya upinzani, na aliyehamia 2021 akaambiwa kinyume chake, wakati jirani waliowakuta ni walewale, wenye maoni yaleyale juu ya mambo yaleyale. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024 ndio hauna msaada kabisa kwa jambo hili. CCM ilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya mitaa ya nchi nzima, huku vyama vya upinzani vikilalamika kwamba wagombea wao wengi walienguliwa kabla ya kura. Kipimo kinachotoa jibu moja kuanzia Bukoba hadi Mtambaswala hakiwezi kukutenganishia Magomeni na Naliendele, zote za hapa Mtwara.

Siasa ya Kusini imejengwa juu ya bei na bomba kuliko bendera. Asiyelielewa hilo atakaa Mtwara miaka mitano bila kujua majirani zake wanakasirishwa na nini.

Bomba kwanza. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na kwa miaka mingi watu wa Msimbati na Madimba waliisikia kama habari ya kesho. Ilipofika Desemba 2012, serikali ikiwa imeshaamua kujenga bomba la kuipeleka Dar es Salaam, mji uliingia barabarani. Kauli ilikuwa moja: gesi haitoki. Januari 2013 vurugu zikafika hadi Masasi, na Mei 22, 2013, siku bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni, Mtwara ikawaka. Watu walikufa, nyumba na ofisi zikachomwa, wanajeshi wakaletwa mjini. Bomba lilijengwa, na mwaka 2015 gesi ikaanza kupita.

Ninayasimulia haya kwa sababu mpaka leo kuna wanaoitaja 2013 kama ushahidi kwamba watu wa Mtwara ni wakorofi. Mimi nasoma kitu kingine. Mji ulikuwa na hoja nzito, kwamba viwanda vije palipo na gesi na ajira zibaki hapa, na hoja hiyo haikupata meza ya kuwekwa. Mikutano iliyoitishwa ilikuwa ya kuwaeleza watu kilichokwisha kuamuliwa. Hoja isiyo na meza ikaenda barabarani. Waliouishi mwezi ule wanaukumbuka kwa woga, na woga huo bado umo kwenye mazungumzo. Mtu wa makamo anaweza kukuambia kila kitu kuhusu korosho zake, lakini ukitaja gesi ataangalia kwanza nani amekaa karibu. Hiyo nayo ni hali ya siasa ya mji, na haimo kwenye karatasi yoyote ya matokeo.

Bei sasa. Tangu mwaka 2007 korosho za Mtwara zinauzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, mzigo unakwenda ghala kuu, mnada unafanyika, fedha zinarudi kwenye akaunti baada ya makato. Mwaka 2018 serikali ilibadili sheria ili ushuru wa korosho zinazosafirishwa nje uende wote mfuko mkuu, wakati zamani asilimia 65 ilirudi kuendeleza zao. Wabunge wa Kusini, wa CCM na wa CUF, walisimama upande mmoja kulipinga. Novemba mwaka huo wanunuzi waligomea bei, na Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itazinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi litazibeba. Ukafuata uhakiki. Mkulima aliulizwa shamba lake liko wapi na lina miti mingapi, ili wenye korosho za kangomba, waliozinunua kwa bakuli kwa wenye shida, wasilipwe kama wakulima. Wengi walisubiri malipo kwa miezi.

Msimu ule uliharibu ujirani wa watu zaidi ya kampeni yoyote ninayoijua. Uhakiki ulimfanya jirani kuwa shahidi wa jirani. Mtu mwenye heka mbili aliyekuwa na magunia mengi kuliko shamba lake aliulizwa ameyatoa wapi, na aliyekwenda kumsema alikuwa anakaa nyumba ya tatu. Baadhi ya kununiana ambako mgeni atakukuta leo na kudhani ni kwa chama au kwa dini, mizizi yake iko kwenye magunia ya 2018. Kwa hiyo ukifika mahali, usiulize mnapigia nani kura. Uliza msimu ule mlilipwa lini, na mliosemana mmepatana vipi. Jibu la swali hilo lina siasa yote ya mtaa ndani yake.

Mahali pa kulisikia ni kijiweni. Njia ya kuelekea Mikindani kuna vijiwe vya kahawa ambapo birika linakaa juu ya mkaa tangu alasiri na sahani ya kashata inazunguka. Niliwahi kukaa kwenye kimoja mzee mwenye kofia ya kijani akitetea makato ya korosho: ushuru wa halmashauri, wa chama kikuu cha ushirika, wa AMCOS, usafiri, ghala, gunia. Kijana wa bodaboda aliyekaa juu ya pikipiki yake alimkatalia kila kimoja. Alitoa simu, akasoma ujumbe wa benki wa baba yake, akatoa na kujumlisha mbele ya watu, akasema hesabu ya mzee ina pengo. Sauti zilipanda na hakuna aliyekubali. Mzee alipoinuka kwenda kuswali, kijana yule yule alimuuliza, "Babu, bibi ameshatoka Ligula?" Mzee akasimama akamweleza hali ya mkewe hospitalini, dawa gani zimebadilishwa, nani amelala naye wodini.

Mtaa wenye kijiwe kama hicho unakaliwa na mtu wa chama chochote. Vipo na vijiwe vya aina nyingine. Unafika umevaa viatu vya ofisini, maongezi yaliyokuwa yamechemka yanakatika, na ghafla kila mtu ana la kusema kuhusu Simba na Yanga. Mara ya kwanza usihukumu, kwa sababu hawakujui. Lakini kama umerudi mara nyingi, jina lako wanalijua, mkeo amekwenda kwenye misiba yao, na bado mpira unaingia kila ukikaa, basi pana jambo. Ama wewe wanakuhesabu mtu wa serikali anayepeleka maneno, ama kati yao wenyewe yupo anayepeleka. Yote mawili yanahitaji kujulikana kabla ya kununua tofali.

Kuna na sababu ya kihistoria, ya karibuni, inayofanya mgeni aulizwe maswali mengi upande huu. Tangu Oktoba 2017 kuna vita Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma, na Oktoba 2020 wapiganaji walivuka na kushambulia kijiji cha Kitaya, wilaya ya Mtwara. Wamakonde wako kingo zote mbili za mto na ndugu wanatembeleana, kwa hiyo kila mwenyekiti wa mtaa wa huku ameambiwa aandike wageni wake. Ukiulizwa umetoka wapi, umekuja kwa nani, na kitambulisho kiko wapi, jibu bila kununa. Nimeona watumishi kutoka mikoa mingine wakiyachukua maswali hayo kama chuki ya ukabila na kuanza maisha yao hapa na kinyongo kisicho na sababu.

Ukishajulikana, nenda mkutano wa mtaa. Hapa naomba nikae kidogo, maana watu wengi wenye elimu hawaendi, kisha wanalalamika kwamba mtaa unaendeshwa na wasiosoma.

Kwanza ujue nani ni nani. Mwenyekiti wa mtaa anachaguliwa kila miaka mitano. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa wa halmashauri. Balozi wa nyumba kumi ni kiongozi wa chama, wa shina la CCM, ingawa mitaa mingi bado inampelekea ugomvi wa ndoa na wa mipaka kama vile ni ofisi ya serikali. Mtaa ambamo balozi ndiye anayeamua nani apate barua ya utambulisho, huo umechanganya chama na serikali, na asiye na kadi atausikia uzito wake siku ya shida. Mtaa ambamo balozi anaheshimiwa kama mzee wa jirani, lakini barua inaandikwa na mtendaji bila kuulizwa itikadi, huo unakalika. Tofauti hii huwezi kuiona kwa macho. Uliza wapangaji, hasa wasio wenyeji: ulipotaka barua ya benki au ya kitambulisho cha NIDA, ulipitia kwa nani, ukaambiwa nini?

Kwenye mkutano wenyewe, sikiliza taarifa ya mapato na matumizi kama inasomwa. Kisha mtazame atakayeisimamia hoja. Niliona mama mmoja akisimama na stakabadhi ya mchango wa darasa, akasoma namba yake kwa sauti, akauliza mbona mchango wa safu yao ya nyumba haumo. Mwenyekiti alikuwa na njia mbili. Angeweza kumjibu kwamba yeye ni wa kuja, amehamia juzi, mambo ya mtaa hayajui. Alichofanya ni kumwambia mtendaji achukue namba ile na kitabu kiletwe. Kitabu kikaletwa, kurasa zikafunuliwa mezani, mama akaonyeshwa jina lake kwenye ukurasa ambao haukuwa umejumlishwa. Mkutano ulichelewa kwisha na watu walinung'unika kwa njaa, lakini mimi ningejenga kwenye mtaa ule.

Swali lingine la kuuliza, na ni jepesi, ni la mikopo. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya vikundi: nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya ubadhirifu, kisha ikarudishwa kwa utaratibu mpya. Tafuta vikundi vilivyopata katika kata yako. Ukiona viongozi wa vikundi vyote ni ndugu, au wote ni makada wa jumuiya moja ya chama, umeshajua milango ya mtaa huo inafunguliwa kwa ufunguo gani. Ukikuta kikundi cha mama lishe wa Kilutheri, cha vijana wa msikitini na cha wasusi wa ukili wote wamepata na wote wanadaiwa marejesho sawasawa, moyo wako utulie.

Ardhi ndiyo inayofichua zaidi, hasa pembezoni. Naliendele, Mangamba, Mtawanya na kwingineko ambako mji unasogea, ardhi inayouzwa leo kama kiwanja jana ilikuwa shamba la mikorosho la ukoo. Vijiji vinapomezwa na mji na kugeuzwa mitaa, wenyeji wanapoteza kitu kikubwa ambacho mgeni hakioni. Kijijini, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi inasimamiwa na halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji una sauti. Mtaani, kupanga na kupima ni kazi ya manispaa. Mwenyeji aliyezoea kuulizwa anaamka siku moja kuna vigingi shambani kwake. Hasira unayoikuta kwa wazee wa maeneo hayo ina sababu, na mgeni mwenye hati mpya mkononi ndiye sura ya mabadiliko yale, hata kama amelipa kila senti.

Zaidi ya hapo kuna ukoo wenyewe. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa jadi wanafuata upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana neno zito kuliko baba katika mambo mengi. Miaka imepita, Uislamu na Ukristo vimeingiza taratibu zao za mirathi, sheria za nchi zimeingiza zake, na sasa shamba moja linaweza kuwa na madai ya watoto wa marehemu na ya wapwa zake, na kila upande unaamini una haki. Tena mikorosho yenyewe inaweza kuwa ya mtu mmoja na udongo wa mtu mwingine. Ukinunua kwa mwanaume mmoja aliyekuonyesha mipaka jioni, bila kumwona mjomba, dada wala mpwa, umenunua kesi. Mtu wa Kaskazini aliyezoea kwamba ardhi ni ya baba na wanawe wa kiume anaingia kwenye mtego huu kwa urahisi sana.

Sasa angalia mtaa unavyoishughulikia kesi hiyo ikitokea. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, baraza la kata halitoi tena hukumu ya ardhi. Linasuluhisha tu, na ikishindikana wahusika wanakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usuluhishi unategemea watu. Fika siku wanapokaa, kaa nyuma, usikilize. Wajumbe wanawake, ambao sheria inawataka wawepo wasiopungua watatu, wanaongea au wanasaini tu? Mnunuzi wa kuja anapewa nafasi ya kumaliza sentensi? Bibi asiyejua kusoma anasomewa kilichoandikwa kabla ya kuweka dole gumba? Na lile suala la mwenyekiti kudai asilimia kumi ya bei ili apige muhuri kwenye karatasi ya mauziano: ni mazoea ya miji mingi na halimo kwenye Sheria ya Ardhi. Mwenyekiti akikutajia kiwango kabla hajauliza kama ndugu wa muuzaji wameridhia, funga mkoba uondoke.

Dini nitaipita haraka, kwa kuwa ndiyo inayoogopwa zaidi na ndiyo yenye shida ndogo zaidi. Pwani ya Mtwara na Lindi ni ya Waislamu wengi. Masasi ina wamisionari wa Kianglikana tangu 1876, na Ndanda ina abasia ya Wabenediktini na hospitali ambayo kila mtu wa Kusini ameitegemea wakati fulani, awe wa dini gani. Koo nyingi zina akina Issa na akina Yohana wanaokula sahani moja. Heshimu Ramadhani, usiwashe muziki wakati wa tarawehe, na nguruwe wako mfugie mahali panapokubalika. Basi.

Jando na unyago zinahitaji mazungumzo marefu zaidi, hasa kwa mwenye watoto. Msimu wake ukifika, ngoma inakesha, na mtoto wako atauliza kwa nini rafiki yake haji shule. Mimi siupingi unyago. Una mafunzo ya heshima na ya kumtunza mtu ambayo shule haiyatoi, na ninakerwa na wanaoutaja kama ushenzi. Ninachokipinga waziwazi ni mtoto kuondolewa darasani wakati wa masomo, na msichana mdogo kutoka unyagoni watu wakianza kumwona mke. Viongozi wa mikoa hii wamekuwa wakisisitiza shughuli zifanyike wakati wa likizo, na yapo maeneo yanayofuata na yasiyofuata. Kabla hujahamia, mwone mwalimu mkuu. Muulize mahudhurio ya darasa la tano na la sita baada ya likizo, wavulana na wasichana. Mwalimu wa darasa anaujua mtaa kuliko diwani. Akikuambia makungwi wenyewe, wale wanaofundisha unyagoni, walikuja shuleni kupanga tarehe naye, huo ni mtaa unaojua kubadilika bila kusukumwa kwa fimbo.

Mwanamke anayeishi peke yake, muuguzi au mwalimu, ana hesabu yake ya ziada. Ataulizwa kaolewa au la, na ataulizwa na watu asiowajua majina. Kwa upande mwingine, Kusini mwanamke mwenye shamba lake na kauli yake si kioja; ukoo wa mama umewazoesha watu hivyo. Wengi niliowasikia wamepata nafuu zaidi Mikindani na Naliendele, palipo na wenyeji wa muda mrefu, kuliko Shangani penye nyumba kubwa za maofisa na kuta ndefu, ambapo mtu anaweza kuugua siku mbili hakuna anayebisha hodi. Wengine wanapenda kuta hizo, kwa sababu hawataki kuhojiwa walirudi saa ngapi. Nawaelewa.

Hapo ndipo inapobidi ujipime wewe pia. Pembezoni mwa Mtwara au Lindi, kwa mfano Mingoyo au Mitwero, ujirani unalipiwa kwa kuhudhuria. Msiba ukitokea, unatakiwa ukae kwenye mkeka hata kama humjui marehemu, utoe rambirambi kwenye daftari, na wanaume wabebe jeneza. Mtu asiyekwenda misibani hasamehewi kwa kuwa ana kazi nyingi. Kama wewe ni mtu wa kufunga geti saa kumi na mbili na kuonana na watu kwa miadi, usidhani mtaa ni mbaya. Hamfanani tu, na ni afadhali upange katikati ya mji.

Na chunga msimu unaokuja kutazama. Anayefika Oktoba au Novemba minada ikiwa imeanza anakuta mji wenye fedha. Msimu wa 2024 bei mnadani ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Mabati mapya yanang'aa, pikipiki mpya kila kona, harusi kila wikendi, na watu wanacheka na kila mgeni. Rudi Februari au Machi. Mvua inanyesha, fedha zimekwisha, chakula kipya bado kiko shambani, madeni yanadaiwa. Mei 2024 mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga, na bidhaa zikakwama. Katika miezi kama hiyo utaona nani anakopesha unga bila kumtangaza aliyekopa, na nani ananunua korosho za mwenzake kabla mti haujatoa hata maua. Likong'o kule Lindi watu wameishi zaidi ya miaka kumi wakisubiri mradi mkubwa wa kusindika gesi, na subira ndefu namna hiyo ina tabia zake: kila mgeni mwenye gari anaulizwa kama amekuja na mradi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye barua ya uhamisho au pesa ya kiwanja ni apange nyumba kwanza mwaka mzima, msimu wa fedha na msimu wa ukata, katika mtaa uleule anaotaka kujenga. Ahudhurie mikutano, ajiandikishe kwenye orodha ya mtaa badala ya kubaki mpiga kura wa alikotoka. Uchaguzi ujao wa serikali za mitaa ni 2029. Sheria bado haimruhusu mgombea binafsi, hivyo asiye na chama hawezi kuwa mwenyekiti, lakini kamati ya shule na kamati ya maji hazidai kadi, na mitaa ya pembezoni ina uhaba mkubwa wa watu wanaoweza kuandika muhtasari sawasawa na kujumlisha daftari la michango mbele ya wenyewe. Ukiomba kuifanya kazi hiyo, utajua ndani ya wiki chache kama umekubalika: ama watakupa daftari, ama watakuambia usubiri kwanza wakuzoee, na hapo uliza kwa upole ni nani aliyelishika sasa na mara ya mwisho lilisomwa lini.